Mbio za baiskeli ni za nani? Jibu kwa msomaji kuhusu UCI, waandaaji na timu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Agosti 2025 nilisoma kwamba timu tano zimeondolewa kwenye mbio za wanawake za Romandie, Uswisi, kabla hata hazijaanza, kwa sababu zilikataa kufunga kifaa cha GPS. Mimi ni mtu wa soka, na huko FIFA ikishasema, imesema. Je, UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, si FIFA ya mchezo huo? Mbona kila msimu inavutana na waandaaji au na timu? Na kama timu zimechoka naye, kwa nini zisianzishe ligi yao? Kuna mahakama inayoweza kulimaliza jambo hili?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo Romandie, maana ukiitazama kwa karibu utaukuta humo karibu ugomvi wote wa mchezo huu.

Kifaa chenyewe hakikuwa na ubaya. Septemba 2024, kwenye mashindano ya dunia mjini Zürich, Muriel Furrer, msichana wa miaka 18, alianguka msituni, akakaa muda bila mtu kumwona, na kesho yake akafariki dunia. Baada ya msiba ule sijamsikia mtu yeyote wa mchezo huu akisema hadharani kwamba kumfuatilia mwendeshaji kwa satelaiti ni wazo baya. UCI ikapanga kufanya jaribio Romandie: kila timu iteue mwendeshaji mmoja abebe kifaa. Timu tano, yaani Canyon-SRAM, EF Education-Oatly, Lidl-Trek, Visma-Lease a Bike na Picnic PostNL, hazikusema kwamba hazitaki kifaa. Zilisema: mteueni ninyi, mfungeni ninyi, na likitokea la kutokea dhamana iwe yenu. UCI ikajibu kwamba kanuni inaitaka timu iteue, na asiyeteua hashiriki. Zikafungasha.

Watu wazima wanagombania nini hapo, kama kila mtu anakubali kifaa kivaliwe? Kwa maoni yangu, wanagombania mali. Kifaa kinachojua mwendeshaji yuko wapi na anakwenda kasi gani kinazalisha takwimu, na takwimu za mbio zina wateja. Baadhi ya timu hizo zimo katika Velon, kampuni iliyoanzishwa na timu 11 mwaka 2014, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikikusanya takwimu za namna hiyo na kuzipeleka kwenye matangazo ya televisheni. Timu ikiteua kwa kalamu yake na kufunga kwa mkono wake, imekubali jambo ambalo kesho litatumika kama ushahidi kwamba takwimu za barabarani ni za shirikisho. Usalama ulikuwa kweli na biashara ilikuwa kweli, vyote kwa pamoja, ndiyo maana kila upande ulijiona una haki.

Sasa tuje kwenye swali lako la FIFA. Hapana, UCI si FIFA ya baiskeli, na tofauti iko kwenye umiliki. Kombe la Dunia ni la FIFA. Ligi ya Mabingwa ni ya UEFA. Anayeandika kanuni ndiye mwenye shindano kubwa, ndiye anayeuza haki za matangazo, ndiye anayegawa fedha. Umoja wa Kimataifa wa Waendesha Baiskeli, UCI, wenye makao Aigle, Uswisi, unamiliki mashindano ya dunia, kama yale ya Kigali mwaka 2025 yaliyofika Afrika kwa mara ya kwanza. Lakini mbio ambazo mtu yeyote mtaani amewahi kuzisikia, Tour de France, si zake. Ni za kampuni binafsi, ASO, iliyo chini ya kundi la biashara la familia ya Amaury. ASO hiyo hiyo inamiliki Paris-Nice, Paris-Roubaix, Liège-Bastogne-Liège na, tangu 2014, Vuelta a España yote. Giro d'Italia na Milan-Sanremo ni za RCS ya Italia. Ronde van Vlaanderen ni ya Flanders Classics ya Ubelgiji. UCI ina kitabu cha kanuni, leseni za waendeshaji na timu, waamuzi, na kalenda. Shika hapo kwenye kalenda, nitairudia.

Mambo yalifikaje hapa? Historia yenyewe ina ugomvi tangu siku ya kwanza. UCI ilizaliwa Paris mwaka 1900 kwa kuasi. Chama kilichokuwepo, kilichoundwa mwaka 1892, kilikuwa kikiwapa Waingereza nafasi kupitia England, Scotland, Wales na Ireland, kila moja peke yake, na nchi nyingine zikaona zinazidiwa. Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Uswisi na Marekani zikajitoa, zikaunda chama chao. Waingereza wakabaki nje mlangoni kwa muda. Kwa hiyo kila mara UCI inaposema kwamba uasi ni hatari kwa mchezo, mimi hutabasamu kidogo.

Kumbuka kwamba shughuli ya shirikisho wakati huo ilikuwa zaidi mabingwa wa dunia na viwanja vya mviringo. Barabarani walikuwa wengine kabisa: magazeti. Mwaka 1903 gazeti la L'Auto la Paris, likiwa linapigania wasomaji dhidi ya Le Vélo, lilianzisha Tour de France ili liuze nakala. Mwaka 1909 La Gazzetta dello Sport ikafanya hivyo hivyo Italia. Mhariri wa L'Auto, Henri Desgrange, alikuwa serikali nzima. Aliandika kanuni, akaamua njia, akatoza faini, akalipa zawadi, halafu akaandika habari ya mambo yote hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti lake.

Kanuni zake zilikuwa za ajabu. Mojawapo ilisema mwendeshaji amalize hatua na kila kitu alichoanza nacho. Hatua zilianza usiku wa manane kwenye baridi na kumalizika mchana kwenye jua kali, kwa hiyo watu walivaa jezi mbili wakaitupa moja kukipambazuka. Mwaka 1924, kwenye hatua ya Cherbourg hadi Brest, mwamuzi alimkagua Henri Pélissier, bingwa wa mwaka uliotangulia, ahesabu jezi alizovaa. Walipofika Coutances, Pélissier, mdogo wake Francis na mwenzao Maurice Ville wakaacha mbio, wakaketi mkahawani wakamweleza mwandishi wa gazeti jingine jinsi wanavyotendewa. Ni mzozo wa jezi moja, lakini swali lake ni lile lile la Romandie: nani ana haki ya kuugusa mwili wa mwendeshaji na kilicho juu yake?

Desgrange huyo huyo mwaka 1930 alizifukuza timu za makampuni. Alikasirika mwaka 1929 Maurice De Waele aliposhinda akiwa mgonjwa, akibebwa na wenzake wa timu ya kiwanda cha baiskeli cha Alcyon. Kuanzia hapo waendeshaji wakapangwa kwa mataifa, na baiskeli akatoa mwenyewe. Gharama ikamshinda, akabuni msafara wa matangazo: magari ya makampuni yapite mbele ya mbio yakigawa vitu kwa watazamaji, na makampuni yalipe. Msafara huo upo mpaka leo. Mfumo wa mataifa ulidumu hadi 1961, ukarudi kwa miaka miwili, 1967 na 1968, kisha ukafa. Niambie, ni ligi gani ya soka ambapo mwandaaji angeamka asubuhi akafuta vilabu vyote? UCI haikuwa na la kusema.

Ndiyo hali ambayo UCI iliikuta ilipoanza kujenga nguvu, kama mtu aliyeteuliwa kuwa mjumbe wa nyumba kumi akakuta kila nyumba ina mwenyewe na hati mkononi. Tangu 1965 ilikuwa imegawanyika, tawi moja la ridhaa na jingine la kulipwa. Matawi yakaunganishwa miaka ya mwanzo ya 1990 chini ya Hein Verbruggen, rais tangu 1991, mtu wa masoko aliyetaka mchezo huu uuzwe kama bidhaa moja. Mwaka 2005 ukaja mpango wake mkubwa, ProTour. Timu 20 zipewe leseni za miaka kadhaa, ziwe na haki ya kushiriki mbio zote kubwa, na mbio zote kubwa ziwe na wajibu wa kuzipokea. Kwa mdhamini jambo hili lilikuwa tamu sana, maana anajua kabla hajatia saini kwamba jina lake litaonekana Tour de France.

Waandaaji wa mbio kuu tatu, yaani Tour, Giro na Vuelta, wakasikia jambo jingine kabisa. Walisikia kwamba orodha ya wageni nyumbani kwao itaandikwa na mtu wa nje, na kwamba mfululizo wenye jina la UCI utauzwa kwa mgongo wa mbio ambazo UCI haijaziwekea hata senti. Miaka minne iliyofuata ilikuwa vita. Walioumia kwanza ni Unibet.com, timu ya kampuni ya kamari. Ilikuwa na leseni halali ya UCI kwa mwaka 2007. ASO ikakataa kuialika, ikisema ina haki ya kuchagua na pia sheria ya Ufaransa inabana matangazo ya kamari. Timu ikawa na kadi ya kuingilia isiyofungua mlango wowote wa maana, na mwisho wa mwaka ikavunjika.

Kisha ikaja Paris-Nice ya Machi 2008, na hapa ndipo ningependa uketi nami kidogo, kwa sababu ndiyo siku mchezo huu ulionyesha nguvu iko wapi. UCI chini ya rais wake Pat McQuaid ilitangaza kwamba mbio hizo haziko chini yake, na kwamba timu na waendeshaji watakaoshiriki wataadhibiwa: faini, kusimamishwa, kukosa mashindano ya dunia. Kwa karatasi, hiyo ni silaha ya kumaliza kila kitu. Mwendeshaji bila leseni hana kazi. Timu zikapiga kura, zikaenda. Davide Rebellin akashinda. Vitisho vikabaki vitisho.

ASO ilipata wapi ujasiri? Wengi hujibu fedha, na fedha zimo, lakini jibu lililo sahihi zaidi ni sheria ya Ufaransa. Huko mamlaka ya kusimamia mchezo hutoka serikalini: dola hukabidhi kila mchezo kwa shirikisho la taifa, na shirikisho hilo ndilo huidhinisha mashindano nchini. ASO ikaenda kwa shirikisho la baiskeli la Ufaransa, FFC, ikapata kibali, mbio zikaingia kwenye kalenda ya taifa. Polisi wa kufunga barabara ni wa dola. Barabara ni za dola. Tour de France ya Julai 2008 ikaendeshwa vivyo hivyo, nje ya UCI kabisa, na Carlos Sastre akaivaa jezi ya njano ya kiongozi hadi Paris. Vipimo vya dawa vilifanywa na wakala wa Ufaransa, AFLD, ambao walimnasa Riccardo Riccò akiwa ameshinda hatua mbili. Kwa hiyo hata hoja kwamba bila UCI pangekuwa na vurugu haikusimama. Watu walinaswa kuliko kawaida. (David Lappartient, rais wa sasa wa UCI, alikuja kuiongoza FFC hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye.)

Ila usidhani ASO ilikuwa malaika. Mwaka huo huo iliinyima mwaliko timu ya Astana kwa sababu ya kashfa ya dawa ya 2007. Bingwa mtetezi, Alberto Contador, alikuwa amejiunga na Astana baada ya kashfa ile. Akaachwa nje ya Tour aliyoishinda mwaka uliotangulia kwa makosa ya watu aliowakuta wameshaondoka. Akaenda kushinda Giro, akashinda na Vuelta. Mwandaaji mwenye uhuru wa kualika amtakaye ana uhuru pia wa kumwonea amtakaye, na hakuna aliyemchagua kwa kura.

Septemba 2008 wakapatana. Waandaaji wakarudi kwenye kalenda ya dunia, ProTour ikayeyuka polepole, na mwaka 2011 ikaja WorldTour, ambayo ndiyo tunayo sasa: timu 18 za daraja la juu, mialiko ya moja kwa moja kwa timu bora za daraja la pili, na nafasi chache za hiari ya mwandaaji. Mwaka 2025 UCI iliruhusu nafasi moja zaidi kwenye mbio kuu, timu zikawa 23. Ni maridhiano kati ya leseni na mwaliko, na kama maridhiano mengi, kila baada ya muda mmoja wao hujaribu kuyasogeza.

Mwishoni mwa 2015 ASO iliyasogeza kwa nguvu. Haikupenda mageuzi ya leseni za miaka mitatu yaliyopendekezwa, ikitaka mfumo wa kupanda na kushuka daraja. Ikatangaza kwamba mwaka 2017 itaziondoa mbio zake zote WorldTour na kuziandikisha daraja linalofuata. Uzuri wa hila hii, ukiipenda hila, ni kwamba kanuni za UCI zenyewe zilisema katika daraja hilo timu za juu zisizidi asilimia 70 ya timu zote. Yaani ASO ingekuwa inatii sheria kikamilifu huku ikiziambia timu kadhaa kubwa kwamba Julai zipumzike. Miezi michache baadaye wakaelewana. Kupanda na kushuka daraja kukaja kweli: mwisho wa 2022 Lotto na Israel-Premier Tech zikashuka, Alpecin na Arkéa zikapanda.

Na safari nyingine waandaaji ndio waligonga ukuta. Novemba 2016 ASO, RCS na Flanders Classics walitangaza kwa pamoja kwamba mwaka 2017 kila timu kwenye mbio kuu itakuwa na waendeshaji 8 badala ya 9, kwa ajili ya usalama. Kundi la watu 198 lingeshuka hadi 176. Lilikuwa wazo zuri. UCI ikasema hamna mamlaka hayo, jambo la namna hii hupita kwenye Baraza la Mchezo wa Kulipwa, ambamo timu na waendeshaji wana viti. Na hawakuwa nayo kweli. Msimu wa 2017 ukaendeshwa kwa watu 9, baraza likapitisha, na 2018 wakawa 8. Mwaka mzima ulipotea kwa swali la nani atangaze.

Nani basi ana neno la mwisho kumkataza mtu asishiriki? Inategemea mwaka na wakili. Mwaka 2009 ASO ilimzuia Tom Boonen, aliyekutwa na kokeni nje ya mashindano. Jopo la usuluhishi la Kamati ya Olimpiki ya Ufaransa likamrudisha siku moja kabla ya Tour kuanza. Mwishoni mwa 2012 UCI iliinyima timu ya Katusha leseni ya 2013. Mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ya Lausanne ikairudisha. Julai 2018 ASO ilijaribu kumzuia Chris Froome kwa kulinda sura ya mbio, na UCI ikafunga faili lake la salbutamoli, dawa ya pumu, ndani ya siku hizo hizo, suala likafa. Vuelta ya 2025 ikaonyesha upande wa pili. Maandamano ya kuwaunga mkono Wapalestina, yakiilenga timu ya Israel-Premier Tech, yalivuruga hatua kadhaa. Ya Bilbao ilimalizika bila mshindi, na ya mwisho ya Madrid ikakatishwa. Mwandaaji alisema hana mamlaka ya kuiondoa timu yenye haki ya mwaliko. Kwa kanuni, alikuwa sahihi. Kilichonigusa mimi ni kwamba waandaaji wale wale waliopigania miaka minne haki ya kuchagua wageni, safari hii walikuwa radhi kabisa haki hiyo ikae Aigle.

Waendeshaji wenyewe wako wapi katika haya? Mara nyingi nyuma. Wana chama, CPA, kilichoundwa 1999, lakini silaha yao ya kweli ni kugoma barabarani. Mwaka 1991 UCI ilipolazimisha helmeti, waligoma Paris-Nice na kanuni ikarudishwa nyuma. Mwaka 2003 Andrei Kivilev alianguka kwenye Paris-Nice hiyo hiyo bila helmeti, akafariki, na ndani ya wiki chache helmeti ikawa lazima. Mara hii hakuna aliyegoma kwa maana. Nawaheshimu sana watu hawa, lakini si kila mgomo wao ulikuwa wa busara.

Ligi ya timu, sasa. Uliuliza kwa nini wasianzishe yao. Sababu ya kuitaka ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Timu ya baiskeli haina uwanja, haiuzi tiketi, na haipati mgao wa haki za matangazo ya Tour. Inaishi kwa mdhamini, na jina lake lenyewe ni la mdhamini. HTC-Highroad, iliyokuwa ikishinda mbio nyingi kuliko timu nyingine yoyote, ilifungwa mwisho wa 2011 kwa kukosa mdhamini. Mshindi wa Tour hupata euro 500,000, na kwa desturi hugawana na wenzake. Kwa bajeti ya timu kubwa hizo ni fedha za vocha.

Walijaribu. Velon ilianzisha Hammer Series mwaka 2017, mbio fupi ambazo timu, si mtu mmoja, ndiyo hushinda. UCI ikagomea neno la mfululizo na jedwali la jumla, kwa sababu kanuni zake zinasema mfululizo wowote unahitaji idhini yake. Velon ikashtaki kwa Tume ya Ulaya mwaka 2019, na baadaye pande mbili zikapatana, lakini Hammer Series ilikuwa imeshazimika. Kisha ukaja mradi wa OneCycling, wenye baadhi ya timu, Flanders Classics, na fedha za uwekezaji kutoka Saudi Arabia. Juni 2025 UCI ikakataa kuuingiza kwenye kalenda, ikisema hauendani na kanuni na hauna mantiki ya kimichezo. ASO haikuwemo.

Hapo ndipo kalenda inaporudi. Msimu wa barabarani unaanza Januari na kwisha Oktoba, na siku nzuri zote zina wenyewe. Anayeanzisha mbio mpya anaomba tarehe kwa UCI. Asipopewa, mwenye leseni akienda huko yuko kwenye shindano lisiloidhinishwa, na kanuni zinamtambua kama mkosaji. Na hata kama timu zote 18 zingeungana na kusema liwe liwalo, mdhamini wa kila moja atauliza swali moja tu: Julai tuko Ufaransa au hatuko? Timu hazina ligi kwa sababu hazina jibu la swali hilo bila ASO. Soka ina vilabu vyenye wapenzi wa vizazi vitatu. Baiskeli ina milima na barabara zenye wapenzi wa vizazi vitatu, na milima haijiungi na ligi ya mtu.

Kuhusu mahakama, utashangaa kujua kwamba kesi ya kwanza ya michezo kufika Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuwa ya baiskeli. Waholanzi wawili, Walrave na Koch, walikuwa waendesha pikipiki wanaowatangulia waendesha baiskeli kwenye mbio za uwanjani ili kuwakata upepo. UCI ikaweka kanuni kwamba wa pikipiki awe wa taifa moja na wa baiskeli, ikawaziba riziki. Mwaka 1974 mahakama ikasema kwamba mchezo, ukiwa ni shughuli ya kiuchumi, uko chini ya sheria ya Ulaya. (Kwa mashindano ya timu za taifa yenyewe ikaacha mlango wazi.) Bosman, mchezaji wa kesi ya uhamisho unayemjua wewe wa soka, alikuja miongo miwili baadaye kwenye njia iliyokwisha kulimwa.

Kesi zilizofuata zimegusa moyo wa swali lako. Mwaka 2008, katika shauri la mbio za pikipiki za Ugiriki, mahakama ilisema chombo kinachoandaa mashindano hakiwezi pia kuwa na kauli ya kuwakubali au kuwakataa washindani wake bila vigezo na mahali pa kukata rufaa. Desemba 21, 2023 ikarudia jambo hilo kwa ukali, siku moja, dhidi ya FIFA na UEFA katika suala la Super League na dhidi ya shirikisho la kuteleza barafuni. Idhini inaruhusiwa, lakini iwe na vigezo vya wazi, visivyobagua, na adhabu zisizopita kiasi. UCI huandaa mashindano ya dunia, huuza haki zake, na pia ndiyo hutoa tarehe kwa wengine. Ukiniuliza, kanuni zake za idhini hazijapata mtihani kamili, na ningependa kuwa ukumbini siku hiyo.

Mtihani mdogo ulishakuja, na ulikuja kupitia gia. Kwa msimu wa 2025 UCI ilipanga kujaribu kikomo cha gia kwa ajili ya usalama: meno 54 mbele kwa 11 nyuma, yaani baiskeli isisogee zaidi ya mita 10.46 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Watengenezaji wa gia Shimano, ambao gia yao ndogo ya nyuma barabarani ina meno 11, wasingebadili chochote. Washindani wao SRAM wanatengeneza gia yenye meno 10, na timu zao zingelazimika kuizuia isitumike. SRAM hawakwenda CAS, Lausanne. Walikwenda kwa mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Ubelgiji, ambayo Oktoba 2025 ilisimamisha kikomo hicho kwa hoja kwamba namna kilivyopangwa haikuwa na uwazi na usawa wa kutosha. UCI ikakata rufaa, jaribio lililopangwa kufanyika kwenye Tour of Guangxi, China, likafutwa, na mbio hizo zikaendeshwa kwa gia za kawaida, meno 10 yakiwemo.